Mlimau, mpapai na mwembe: nilivyowafuata sisimizi uani kwangu

Mlimau ulio nyuma ya jiko langu, hapa Kigamboni, ulianza kuwa mweusi masika yalipokuwa yakiisha. Majani ya chini yalipakwa kitu kama masizi ya sufuria la kuni. Ukipitisha kidole yanatoka, na chini yake jani bado ni la kijani. Majani machanga ya kwenye ncha yalikuwa yamejikunja. Nikakata kitawi nikaenda nacho duka la pembejeo. Muuzaji alikitupia jicho huku akihesabu chenji ya mteja mwingine, akasema, "Huo ukungu, dada," akanishushia chupa ya dawa ambayo kwa bei yake ningenunua miche mipya na samadi juu. Nikamshukuru, nikamwambia nitapita tena.

Muuzaji hakudanganya, masizi yale ni ukungu kweli. Ila ukungu wa aina hiyo hauingii ndani ya jani. Unaota juu ya majimaji matamu yaliyodondokea pale, na majimaji hayo yana mwenyewe. Nilipogeuza majani ya juu nikawakuta: vidukari wa kahawia iliyokaribia weusi, wamesongamana kwenye vikonyo na kwenye mshipa wa kati wa jani, wanafyonza. Katikati yao wanapita sisimizi. Nikavaa miwani, nikasogeza uso. Sisimizi anamfikia kidukari, anampapasa mgongoni, tone dogo linachomoza nyuma ya kidukari, sisimizi analinywa, anahamia kwa mwenzake. Ni ukamuaji kabisa. Na anayekamua hulinda mifugo yake, kwa hiyo mdudu yeyote anayekuja kuwala vidukari hufukuzwa na sisimizi kabla hajashiba.

Kwa hiyo swali langu halikuwa tena nipulizie nini. Lilikuwa: hawa wanapandia wapi?

Njia ya kwanza ilikuwa shina, hiyo haihitaji kuelezwa. Ya pili ilikuwa tawi lililogusa ukuta wa jiko. Ya tatu ilinichekesha: kamba ya kuanikia nguo, ambayo upande mmoja ilifungwa kwenye mlimau na upande mwingine kwenye nondo ya dirisha. Msafara mzima ulikuwa unapita juu ya kamba, unazunguka vibanio vya nguo, unaingia mtini. Nikahamishia kamba kwenye nguzo. Tawi la ukutani nikalikata. Kwenye shina nikafunga kitambaa kwanza ili kijaze mianya ya gome, juu yake nikazungushia nailoni, kisha nikapaka grisi ya fundi baiskeli juu ya hiyo nailoni. Usiipake grisi kwenye gome lenyewe, inaliunguza, hasa mti ukiwa mchanga. Vumbi likishaganda juu ya grisi sisimizi wanapata daraja, kwa hiyo hufutwa na kupakwa upya.

Vidukari waliobaki juu niliwapulizia maji ya sabuni: sabuni ya maji ya kawaida, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, jioni jua likishapoa, na pua ya bomba ielekezwe chini ya jani, maana huko ndiko waliko. Sabuni ya unga siitumii, inababua majani. Na hata hiyo ya maji naijaribu kwanza kwenye majani machache, nayaangalia kesho yake. Wiki zilizofuata walikuja mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wakala vidukari bila kubughudhiwa na mtu. Mabuu yao hayafanani nao hata kidogo. Ni marefu, meusi, yana sura ya kutisha, na watu wengi huyaua wakidhani ndiyo maadui. Masizi yalikauka yakabanduka yenyewe kadiri mvua ndogondogo zilivyopita.

Nikiwa bado kwenye mlimau, kuna viwavi ambao wakiwa wachanga huwezi kuwatofautisha na kinyesi cha ndege juu ya jani. Hao ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Ukimgusa kiwavi anatoa kichwani pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto wangu waliufanya mchezo. Dawa yake ni mkono tu: unaokota, unawapa kuku. Mti mkubwa hauna habari nao, ila mche wa mlimau wanaweza kuuacha vijiti vitupu.

Mpapai ulikuwa kesi ngumu zaidi. Matunda machanga karibu na shingo yalifunikwa na vidung'ata, wale wadudu weupe wa ungaunga. Ule weupe ni nta, na maji yakiwagusa yanateleza, ndiyo maana bila sabuni kupuliza ni kazi bure. Huyu wa mpapai asili yake ni Mexico, na huku kwetu ni mgeni wa miaka ya karibuni. Nikakata matunda na majani yaliyozidiwa, nikayatia kwenye mfuko mweusi wa taka, nikaufunga nikauacha juani. Nikawasha mpira wa maji kwa nguvu nikaosha shina kutoka juu hadi chini, kisha maji ya sabuni, kisha mkanda wa grisi, maana na huku sisimizi walikuwa kazini vilevile. Nilirudia mara kadhaa. Mpapai mmoja nao ulikuwa na majani yaliyokonda yenye batobato na matunda yenye alama za pete pete. Ule sikuhangaika nao. Pete hizo ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na vidukari, na mti ukishaupata hauponi. Niling'oa siku hiyohiyo kabla wenzake hawajaambukizwa.

Aliyenifungua macho zaidi ni mzee mmoja wa mtaa wa pili, bwana shamba mstaafu aliyefanya kazi Mtwara. Nilimkuta kibarazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unafukuza sisimizi."

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama na maji moto nao nawafukuza. Maji moto ni wale sisimizi wakubwa wa rangi ya kahawia nyekundu wanaoshona majani yakiwa bado mtini, wakatengeneza viota. Wanaushikilia ukingo wa jani kwa taya, wengine wanakuja na mabuu yao midomoni na kuyatumia kama mtu atumiavyo sindano na uzi, kwa sababu uzi wa hariri unatoka kwa mabuu. Wanauma, na baada ya kuuma wanakupulizia tindikali kwenye kidonda. Nilikuwa nawachukia tangu utoto.

Mzee akaniambia hao ni polisi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kimewafanyia kazi kwa miaka kwenye mikorosho, kwa sababu wanamwinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho. Zanzibar na mwambao wote wanajulikana kwa kulinda minazi dhidi ya kunguni anayefyonza nazi changa mpaka zikadondoka. Wachina wamekuwa wakiwatundika ndugu wa maji moto kwenye michungwa kwa zaidi ya miaka 1,600. Na kwenye miembe wanawasumbua nzi wa matunda, ambao ndio waliokuwa wakinimalizia dodo zangu. Nzi mbaya kuliko wote katika hao alitoka Asia, akaonekana kwanza Kenya mwaka 2003, na leo hakuna mwenye mwembe pwani asiyejua kazi yake: embe linaonekana zima, ukilipasua lina funza.

Alinieleza pia habari ya muhogo, ambayo sikuwa naijua. Kidung'ata mwingine, ndugu wa huyu wa mpapai, aliumaliza muhogo wa Afrika miaka ya 1970 na 1980, mpaka alipoletwa nyigu mdogo sana kutoka Amerika Kusini ambaye hutaga mayai ndani yake. Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. "Sasa wewe," mzee akasema, "ukipuliza sumu kali, unamuua nani kwanza? Nyigu."

Mwembe wangu haukuwa na maji moto, lakini wa jirani ulikuwa nao tele. Kuhamisha viota kunawezekana, unakata tawi lenye kiota asubuhi na mapema na kulitia kwenye kiroba, ila koloni moja lina malkia mmoja aliyejificha katika kiota kimojawapo, na ukichanganya makoloni mawili wanauana. Nikachagua njia ya uvivu. Nikamwomba jirani ruhusa, nikafunga kamba ya katani kutoka tawi la bolibo lake, juu ya fensi, hadi kwenye dodo langu. Siku za mwanzo walikuja wapelelezi tu, wanafika katikati wanageuka. Baadaye wakavuka, kisha nikaona majani yameanza kushonwa upande wa kwangu.

Wakakwama hapo. Viota havikuongezeka, na maji moto walioshuka chini walikuwa wanashambuliwa na sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa waliojichimbia kwenye shina la mwembe. Mzee alipokuja kutazama hakuangalia juu hata kidogo. Aliangalia chini, akauliza, "Hapa nani anafagia?"

Kwetu uwanja unafagiwa kila asubuhi kwa fagio la chelewa mpaka mchanga unabaki na mistari. Ndiyo heshima ya nyumba. Lakini ardhi ikiwa tupu, wale wadogo hawana pengine pa kuishi wala pa kupata chakula ila kwenye shina, na wakiwa hapo maji moto hawapati nafasi. Pakiwa na majani na nyasi kidogo chini, makundi yote mawili yanaweza kuishi kila moja na eneo lake. Na mti wenyewe kwenye mchanga wetu huu wa pwani unafaidika, kwa sababu majani yaliyooza ndiyo mbolea pekee inayobaki. Samadi tupu huoshwa na mvua moja.

Kumwambia mama mkwe wangu kwamba chini ya mwembe pasifagiwe kulikuwa kugumu kuliko kupambana na vidung'ata.

"Mwanangu, nyoka."

"Nimesikia, mama. Majani hayatakuwa marefu."

"Na wageni wakija?"

Tukafikia mwafaka. Nilizungushia kila mti duara la makumbi ya nazi. Ndani ya duara majani yanabaki, unene wa kiganja hivi, na hayagusi shina, maana yakiligusa gome linaoza na mchwa wanapata njia. Nje ya duara anafagia apendavyo. Ukweli ni kwamba makumbi yalimpendeza, sasa anayapanga mwenyewe na kumgombeza anayeyapiga teke.

Duara hizo zilisaidia na jambo lingine ambalo halikuhusu wadudu kabisa. Kisima changu kina chumvi kidogo, kama visima vingi vya huku, na miche ya mparachichi ilikuwa inaungua kingo za majani, kahawia inayotambaa kutoka nchani kuelekea ndani. Wengi huiona wakaongeza mbolea, na mbolea nayo ni chumvi, wakazidisha. Miche sasa inapata maji ya bomba au ya mvua niliyokinga kwenye simtanki. Namwagilia kwa wingi mara chache badala ya kidogokidogo kila jioni, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, na majani ya kufunika udongo yanazuia jua lisinyonye maji na kuiacha chumvi juu. Nyanya za kwenye ndoo nazo ziliacha kuoza kitako nilipoanza kuzipa maji kwa mpangilio. Ule weusi wa chini ya nyanya hauna mdudu. Mmea hupungukiwa madini ya kalisi kwenye tunda pale maji yanapopatikana leo na kukosekana kesho.

Mwembe niliupogoa baada ya mavuno, nikitoa matawi ya ndani yanayosuguana ili upepo na jua vipite, kwa sababu ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, hupenda maua yaliyofichwa gizani. Kwa tawi nene natumia msumeno, nikianza kukata kidogo kwa chini kabla ya kumalizia kwa juu, la sivyo tawi likianguka linachuna gome mpaka chini.

Msimu uliofuata embe nyingi zilishuka bila funza. Si zote. Za chini ninazofikia kwa ngazi nilizivisha magazeti zikiwa bado changa. Za juu niliwaachia maji moto. Zilizodondoka haziachwi zilale chini. Zinaokotwa kila siku na kuingia mfuko mweusi, kwa sababu funza hutoka kwenye tunda, huingia ardhini na kurudi akiwa nzi. Kijana anayetuangulia hupaka majivu mikononi na shingoni kabla ya kupanda, na bado anadai nyongeza kwa ajili ya kuumwa, nami nalipa. Mlimau wa jikoni nimeendelea kuufunga grisi, maana hapo tunaanika nguo za mtoto na sitaki maji moto kwenye shati la shule, tena nao wakikosa windo hufuga vidugamba, wadudu wengine wanaofyonza mti.

Waliobaki ni popo. Wanakuja usiku embe likianza kunukia, wanachukua la juu kabisa, na maji moto hawawafanyi lolote. Jirani amependekeza wavu. Nimeangalia bei ya wavu, nimeangalia urefu wa mwembe, nikaamua yale ya juu ni yao.