Nyeusi Iliyochapwa Mara Nne

Kijitabu cha kwanza nilichokipeleka kwenye mtambo wa ofseti kilikuwa cha nyimbo za kwaya moja ya hapa Dar es Salaam: kurasa 32 za ukubwa wa A5, pambo la rangi juu ya kila wimbo, nakala 500. Kwenye kompyuta yangu kilipendeza. Kilipotoka kiwandani, maneno ya nyimbo yalikuwa na ukungu pembeni, hapa wekundu, pale samawati, na aliyejaribu kusoma beti mbili tatu mfululizo macho yalimchoka. Nilidhani mtambo una hitilafu. Fundi aliyekuwa zamu alichukua lenzi ya kukuzia, akaiweka juu ya neno moja na kuniambia, “Angalia hapa, mdogo wangu, hii si nyeusi moja.” Nikaona mwenyewe kwamba kila herufi ilikuwa imechapwa kwa wino nne zilizolaliana bila kulingana barabara, na kwamba faili langu ndilo lililoagiza hivyo.

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, na nyeusi yake ni mahali ambapo mwanga haupo. Karatasi haina mwanga wake, kwa hiyo mtambo hutumia sahani nne, yaani bamba za kuchapia, kila moja na wino wake: samawati, majenta (wekundu wa waridi), njano na nyeusi. Nyeusi ya skrini inapogeuzwa kwenda kwenye wino hizo, programu huigawa katika sahani zote. Photoshop, kwa mpangilio wa Kimarekani wa SWOP, huifanya asilimia 75 ya samawati, 68 ya majenta, 67 ya njano na 90 ya nyeusi, jumla 300. Katika picha jambo hilo halina ubaya, bali huvipa vivuli kina. Lakini herufi ya pointi 9 ina mistari ambayo unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita, na karatasi nayo huvuta unyevu na kutanuka kidogo kabla ya kufikia sahani ya mwisho, hivyo sahani moja ikipishana na nyingine hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, msomaji ataona ukungu.

Kwa sababu hiyo maandishi yote ya kawaida mimi huyapa nyeusi asilimia 100, na wino nyingine tatu huziweka sifuri. Pia huagiza herufi hizo zichapwe juu ya rangi iliyo chini yake badala ya kuitoboa, ili zisiachiwe uzi mweupe pembeni. Agizo hilo lisiguse kamwe herufi nyeupe, kwa kuwa nyeupe ni karatasi tupu, na nyeupe iliyoagizwa kuchapwa juu ya rangi hutoweka kabisa. Eneo pana la nyeusi, kama jalada zima, ni suala jingine: nyeusi peke yake huonekana imefifia hapo, nami huiongezea samawati 60, majenta 40 na njano 40, baada ya kumuuliza mchapaji kiasi cha wino ambacho karatasi yake inaweza kubeba.

Jalada lile lilikuwa na tatizo lake. Sare ya kwaya ilikuwa ya buluu kali, na buluu kali ya skrini haipatikani kwa wino nne. Hugeuka zambarau iliyopoa. Tangu siku hizo hugeuza rangi mapema, nikiwa bado nachora, na humwonyesha mteja prufu, yaani nakala ya majaribio, iliyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu mteja aliyeahidiwa rangi ya skrini ana haki ya kulalamika.

Picha za kwaya zilinifikia kwa WhatsApp, ambayo hupunguza ukubwa wa picha isipotumwa kama hati. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa kabla ya kazi kuanza. Picha yenye upana wa pikseli 900, ukiigawa kwa pikseli 300 kwa inchi, inatosha inchi 3 tu, yaani sentimita 7.6. Jalada la A5 lenye ziada ya kukatia lina upana wa milimita 154, na linahitaji pikseli zipatazo 1,820. Kuiongeza picha ndogo kwenye programu hakurudishi nyuso zilizokwisha kupotea.

Ziada hiyo ni milimita 3 kila upande, kwa kuwa kisu cha mashine ya kukatia hakiangukii mahali palepale kila mara; maandishi nayo yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukata. Kijitabu cha pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne.

Jambo moja linatuhusu sana sisi tunaopanga maandishi ya Kiswahili. Programu ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na “kumbukumbu” linaweza kuvunjwa “kum-bukumbu” ilhali silabi zetu ni ku-mbu-ku-mbu. Mimi huzima ukataji huo kabisa na kukata kwa mkono panapolazimu.

Kisha hutoa PDF/X-1a, aina ya PDF ya kupelekwa kwa mchapaji, ambayo hulazimisha fonti zote ziwemo ndani ya faili na haipokei rangi za skrini, isipokuwa mchapaji akitaka PDF/X-4. Hata hivyo aina hiyo ya PDF haitambui nyeusi iliyogawanywa katika sahani nne, kwa sababu kwake hizo ni rangi halali. Hiyo huitafuta mwenyewe katika Acrobat Pro, ambako kila sahani inaweza kuzimwa na kuwashwa peke yake. Kwaya ile ilipotaka toleo la pili, nilifungua faili jipya, nikazima sahani ya nyeusi, nikapitia kurasa zote 32. Mapambo yalibaki, maneno yote ya nyimbo yakatoweka. Asubuhi yake nikalipeleka kiwandani.