Siku moja maishani mwangu: muuza vitabu vikuukuu, Mji Mkongwe

Kazi yangu ni kutafuta, kutengeneza na kuuza vitabu vya zamani: vya safari, vya elimu ya mimea na wanyama, vya dini na falsafa. Nikimwambia mtu hivyo, hunipokea kwa namna mbili. Mmoja huuliza, "Na hayo makaratasi nani ananunua?" Mwingine hudhani kila karatasi iliyogeuka rangi ni dhahabu, na kwamba nimekalia mamilioni nikijifanya masikini. Basi hii ni Jumatano yangu ya wiki iliyopita, kama ilivyokuwa.

Saa 11 na nusu alfajiri

Nimesali, chai bado. Nashuka dukani, chumba cha chini cha nyumba ya marehemu ami yangu, mtaa wa Kiponda. Ami ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kitu cha kwanza ni kusoma kipimo cha unyevu kilichotundikwa rafuni. Leo kinasema asilimia 81. Kitabu kinataka isizidi 60, lakini tuko masika, na kuta hizi za mawe na chokaa hunywa mvua usiku kucha kisha huirudisha ndani polepole. Nawasha mashine ya kukausha hewa, nawasha feni, napita na tochi rafu kwa rafu. Ukungu huanzia juu ya mgongo wa kitabu, pale vumbi linapotua, kama unga uliomwagika kidogo. Leo nimevikuta vitabu vitatu. Navitenga.

Kwenye kona kuna friza. Ndani hamna samaki. Mna vitabu vilivyofungwa kwenye mifuko ya plastiki, wiki mbili kila kimoja, kwa sababu baridi kali huua nondo na mayai yake bila kukimwagia kitabu sumu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, naanza kuhesabu siku upya.

Saa 2 asubuhi

Simu na ujumbe. Mzee mmoja wa Muscat, ambaye wazazi wake waliondoka Unguja baada ya 1964, anatafuta kitabu cha Ingrams cha 1931 juu ya historia ya Zanzibar na watu wake. Ninacho. Nampigia picha ukurasa uliochanika kwanza, jalada baadaye. Ami alikuwa akisema kasoro itangulie, sifa itajisemea.

Wa pili yuko Arusha, ana "Stanley wa 1878", yaani kitabu cha msafiri Stanley cha safari zake za Afrika. Ukurasa wa mbele kweli umeandikwa 1878, lakini karatasi ni nyeupe kama chaki na mgongo umegandishwa kwa gundi bila hata uzi mmoja. Ni chapa ya kurudia. Wachapaji wengi wa karne iliyopita walipiga picha kitabu kizima pamoja na mwaka wake, na mtu akiusoma mwaka huo anaamini. Nikamweleza taratibu. Akasema nataka kumlalia, akakata.

Saa 4 na robo

Akaingia bwana mmoja mwenye simu mbili mkononi na futi ya kupimia kiunoni. Anapamba hoteli. Anataka picha za kale za Zanzibar, za asili, za kutia kwenye fremu.

Picha za aina hiyo ninazo: kurasa za magazeti ya London ya miaka ya 1870, ambazo zilinifikia zikiwa zimekwishachanwa na watu wa kabla yangu. Akazipindua, akasema hazina rangi. Kisha macho yake yakaenda kwenye kabati la kioo nyuma yangu.

Mle ndani mna kitabu cha Burton, msafiri Mwingereza. Juzuu mbili, Longman, London, 1860: safari ya 1857 hadi 1859, alipotoka hapa Unguja yeye na Speke, Mwingereza mwenzake, wakavuka bara hadi Kaze, ambayo leo ni Tabora, wakafika Ujiji na Ziwa Tanganyika. Ina ramani ya kukunjuliwa na picha 12 za rangi, zilizochapwa kwa mbao za kuchonga. Nilipoinunua niliihesabu usiku tatu. Vitabu vya namna hiyo vina herufi ndogo chini ya ukurasa kila baada ya kurasa kadhaa, B, C, D, kuendelea, ili mjalidi asichanganye mikunjo ya karatasi anapoishona. Mpangilio huo huruka J, V na W. Asiyejua huona herufi hizo hazipo, akadhani kitabu kimeibwa kurasa. Hiki hakikupungukiwa kitu. Kupata seti yenye picha zote na ramani, katika hali ya hewa hii, ni bahati ya miaka.

Nikamfungulia picha ya mji huu unavyoonekana kutoka baharini. Laiti nisingefungua.

"Ndiyo hii, dada yangu! Hii hii!" Kabla sijasema neno alikuwa ameshavuta futi, ile ya chuma, akailaza juu ya karatasi.

Nikamshika mkono. Akacheka, akadhani naogopa asiondoke bila kulipa. "Unakata hapa kwa wembe, karibu na mshono, hakuna atakayejua. Laki nane."

Nikamwambia sikati kitabu. Akapanda hadi milioni. Nikamweleza kwamba juzuu ikipungua picha moja haiwi tena juzuu ile. Bei yake inaanguka, na kibaya zaidi, hakuna tena anayeihurumia. Wa kwanza akikata moja, wa pili huona haya ndogo zaidi, wa tatu hakati bali hung'oa. Nimeona vitabu vilivyobaki maneno matupu, ramani imekwenda kwa huyu, picha kwa yule. Akasikiliza, akatazama simu, akasema, "Lakini kitabu chenyewe kinaoza, dada. Mimi nakiokoa."

Akampigia mkubwa wake, akaweka sauti ya juu. Nikasikia mkubwa akiuliza bei ya kitabu chote. Nikaitaja, ni milioni kadhaa, nikitumaini itamaliza maneno. Mkubwa akasema, "Mlipe." Yule bwana akanigeukia kwa furaha: "Basi yameisha. Nachukua zote mbili, nitakata mwenyewe kesho."

Hapo nilinyamaza kidogo. Bili ya umeme ya ile friza na ile mashine ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu. Ada ya binti yangu ya muhula huu bado nusu. Na sheria hainizuii: kitabu ni changu, pesa ni zake.

Nikamwomba aketi. Nikafungua kurasa zinazomtaja Sidi Mubarak Bombay. "Huyo ni nani?" akauliza. Nikamwambia: Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi mtu huru, akawa askari wa Sultani huku pwani. Burton na Speke walimkuta, wakamchukua. Baadaye alikwenda na Speke tena kutafuta chanzo cha Nile. Alikwenda na Stanley hadi Ujiji, 1871. Kisha akavuka bara zima na Mwingereza mwingine, Cameron, mpaka bahari ya Atlantiki. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni. Wamo pia Said bin Salim, kiongozi wa msafara, na Mabruki, na wapagazi ambao mwandishi aliwasema vibaya, naam, mara nyingi vibaya mno, lakini aliwaandika. Tukikikata kitabu hiki tunawakata na wao. Mahali pengi pa kuwakuta watu hawa ni humu humu, katika vitabu vya watu waliowadharau.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akasema, "Lakini hao hawamo kwenye picha ninayoitaka."

Alikuwa anasema kweli, na hakuwa mtu mbaya. Nikamwambia siuzi kitabu kikakatwe, nikampa njia nyingine: nitaipiga picha ile kwa kamera nzuri, waichape kubwa wapendavyo, hata ukuta mzima. Akasema wageni wanataka asili. Tukarudi kwenye laki nane. Tukarudi kwenye milioni. Adhana ya adhuhuri ilitukuta palepale. Mwisho akachukua kurasa mbili za magazeti kwa elfu sitini, akaacha namba yake ya simu juu ya meza, akaenda.

Nilipoirudisha juzuu kabatini ndipo nikaona. Pembeni mwa picha, chini, pale ncha ya futi ilipokaa, palikuwa na mkunjo mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha. Karatasi ile imevuka bahari, imepita mikono sijui mingapi tangu 1860, na mkunjo wake huo imeupata dukani kwangu.

Saa 7 na nusu

Wali na mchuzi wa pweza, kwa haraka. Vile vitabu vitatu vya ukungu nikavipiga brashi laini barazani, barakoa usoni, nikishindana na mawingu.

Saa 8 na nusu, mtaa wa Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe

Bibi mmoja alifiwa na mumewe mwaka jana, na dari ya ghorofa ya juu inavuja. Wanawe wako mbali, wamemwambia atupe kila kitu. Jirani akamwambia aniite kwanza.

Ngazi ni za mbao, zimesimama kama za chomboni. Juu kuna makasha matatu na hewa ya moto isiyotembea. Kasha la kwanza lote lilikuwa limekufa. Ukilitazama kwa juu unaona majalada yamepangika vizuri. Ukiinua moja, chini yake ni udongo. Mchwa wamekula maneno, wakaacha majina. Nikatoa beseni baada ya beseni ya udongo ule, bibi amekaa kwenye kigoda mlangoni ananitazama.

"Mwanangu, vina faida yoyote hivi?"

"Bibi, hivi vya kwanza havina. Nisamehe."

Kasha la pili lilikuwa na madaftari ya shule, majarida, risiti za karafuu, na yote yalikuwa yameshikana kwa maji. Unatenganisha karatasi moja moja kwa kisu cha mfupa, na mgongo unakuuma, na jasho halitakiwi kudondoka juu ya kitu. Sijui nilikaa saa ngapi. Bibi aliniletea maji ya ndimu mara mbili. Katikati ya rundo nikakuta kitabu cha R. O. Williams cha 1949, juu ya mimea ya faida na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Marehemu alikuwa mtu wa kilimo, na kila ukurasa ameandika pembeni kwa penseli: jina la mti Kipemba, jina lake Makunduchi, mwaka uliozaa vizuri, nani alimwonyesha. Wenzangu wengine husema maandishi ya penseli yanashusha bei. Kwangu kitabu hiki ni viwili katika jalada moja, na cha penseli hakina nakala popote. Nilimwambia bibi hivyo hivyo kabla sijataja pesa.

Kasha la tatu lilifungwa kwa kitambaa cha nta, na lilikuwa kavu. Vitabu vya Kiarabu. Ihya ya Ghazali, kitabu mashuhuri cha dini, chapa ya Cairo. Vitabu hivi vya zamani huwezi kuvijua umri kwa kutazama mbele; unaanza mwisho, pale mchapaji anapomshukuru Mungu na kuandika mwaka wa Hijria. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, nami huhesabu kutokea hapo. Halafu chini ya Ihya kulikuwa na juzuu moja pekee, na nilipofika mwisho wake mikono ilinitetemeka: Matbaa ya Sultani, yaani kiwanda chake cha uchapaji, Zanzibar. Ilikuwa Kamusi al-Sharia, kitabu kikubwa cha elimu ya Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu ya masultani wa hapa, ambacho Sultani Barghash alikichapisha hapa kwa mashine yake miaka ya 1880, juzuu baada ya juzuu.

Bibi akauliza, "Barghash alikuwa na mashine ya vitabu? Hapa?"

"Hapa hapa, bibi. Mwendo mdogo kutoka mlangoni kwako."

Akaniomba nimpe. Akaiweka mapajani, akaipangusa kwa ncha ya kanga. Akakaa nayo. "Basi hii haitoki," akasema.

Ningeitaka sana. Nikamwonyesha namna ya kuilaza, isisimame, mbali na ukuta, na nikamwachia vifuko vya kunyonya unyevu. Kulikuwa na cha mwisho, cha kuandikwa kwa mkono, na kwenye karatasi ya kwanza mwandishi ameandika "Ya Kabikaj", dua ya zamani ya wanakili, ili wadudu wasiguse kitabu. Hakuna tundu hata moja. Vya mkono mimi sinunui. Nilimwambia pako mahali Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, na kwamba nitampeleka mwenyewe akitaka, na hata akiamua kibaki nyumbani kipigwe picha kwanza. Akasema atazungumza na wanawe.

Nilishuka ngazi zile gizani, Williams na vitabu vingine vinne mgongoni, umeme umekatika mtaa mzima.

Uliporudi nilikuwa nimelala kwenye kiti cha dukani, viatu bado miguuni. Nikamfunga Williams kwenye mfuko, nikaandika tarehe, nikamtia frizani. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa yule bwana wa hoteli: "Dada, milioni moja na nusu, picha moja." Sikujibu. Nikatoa juzuu ya Burton, nikafungua palepale, nikaweka karatasi laini juu ya mkunjo, na juu yake kipande cha kioo, na juu ya kioo lile jiwe la ami. Asubuhi nitatazama kama umelala.