Saa kumi ipi?

Nyumba yangu ya vyumba viwili huko Nyali, Mombasa, huikodisha kwa siku chache chache, na kanuni yangu ni kwamba mgeni anayeondoka hukabidhi ufunguo saa nne asubuhi, na anayekuja huingia saa nane mchana. Saa hizo nne katikati ni za kubadilisha mashuka, kupiga deki na kuangalia kama mtungi wa gesi bado una kitu.

Juma lililopita mgeni kutoka Nairobi aliniandikia kwamba angefika Ijumaa saa kumi, nami nikamjibu karibu sana, kwa kuwa nilidhani anasema jioni. Kumbe alikuwa amepanda treni ya usiku, ile inayofika Miritini kabla hata ya adhana ya alfajiri. Askari wa getini alinipigia simu: mama mmoja na watoto wawili wameketi juu ya masanduku yao, ilhali mgeni wa Alhamisi bado amelala ndani. Sikuwa na la kufanya ila kuwachukua hadi sebuleni kwangu, nikawatandikia godoro na kuchemsha chai ya maziwa, huku nikiomba radhi kwa kosa ambalo, kusema kweli, lilikuwa letu sote.

Tangu siku hiyo humwuliza kila mgeni anakuja kwa usafiri gani, na anayekuja na treni ya usiku humshauri alipie pia usiku unaotangulia. Wengine hununa kidogo.