Vidole vya shosho

Shosho yangu ana miaka 78, amefulia watu nguo Eastleigh, Nairobi, tangu ujana, na sasa vidole vimeisha kabisa, yaani ukimshika mkono ncha ni laini kama kipande cha sabuni. Juzi tulienda kuthibitisha ako hai ndio aendelee kupata pesa za wazee, ile elfu mbili ya kila mwezi, mashine ya kusoma alama za vidole ikakataa. Kidole gumba, wapi. Akapanguza na leso akajaribu tena, vyote kumi, wapi. Karani akasema tu "rudini wiki ijayo", hakuandika kitu, na shosho amekaa hapo mbele yake anapumua!

Iliniuma sana. Hiyo elfu mbili ni unga na dawa ya presha.

Kesho yake nikarudi na Katiba ya Kenya ya 2010 kwa simu. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na cha 47 kinasema haki yako ikiguswa na uamuzi wa ofisi lazima upewe sababu kwa maandishi, hata kuna sheria ya 2015 inaeleza vizuri. Nikaomba karatasi. Mkubwa wao akaitwa, malalamiko yakaandikwa, stempu ikapigwa, nikapiga picha kabla nitoke. Wakinyamaza naenda kwa Ombudsman, ile tume inapokea malalamiko ya watu kuhusu ofisi za serikali, huko kushtaki ni bure.

Bado tunangoja. Shosho kila jioni anapaka vidole mafuta ya mgando, anasema labda mistari itarudi.