Royal Albert Hall kwa pauni 8

Wabongo wengi wa London wanalijua jengo hili, ukumbi mkubwa wa muziki, kwa nje tu. Wamelipita na wageni wao wakitoka kwenye makumbusho ya South Kensington, wakapiga picha ng'ambo ya barabara mbele ya sanamu ya dhahabu ya Prince Albert, kisha safari ikaendelea. Ukiwauliza kwa nini hawajaingia ndani, watakuambia pale ni pa wenyewe, wazungu wa suti na lulu shingoni. Mimi hapo nabisha. Sijaona mahali pengine pa fahari katika mji huu ambapo mtu wa kazi za zamu anaweza kusimama karibu na okestra kuliko tajiri aliye kwenye kibanda chake cha kukalia chenye mapazia mekundu, tena kwa pesa isiyotosha chakula cha mgahawani.

Asili ya jengo lenyewe ni hadithi ya pesa. Mwaka 1851 Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alikuwa mstari wa mbele kuandaa maonyesho makubwa ya viwanda na sanaa katika bustani ya Hyde Park. Maonyesho yalileta faida, na faida ikanunua ardhi ya South Kensington. Ndiyo maana leo makumbusho, vyuo na ukumbi vimebanana mtaa mmoja. Albert alitaka pawepo ukumbi wa umma, lakini alifariki 1861 bila kuuona. Pesa za ujenzi zilipopungua, viti zaidi ya 1,200 viliuzwa kwa pauni 100 kimoja, na mnunuzi akapewa haki ya kiti chake kwa miaka 999. Hukusoma vibaya, ni 999. Malkia alipokuja kuweka jiwe la msingi Mei 1867, jina lililokuwa limepangwa ni Central Hall of Arts and Sciences. Yeye ndiye aliyetaka jina la marehemu mumewe litangulizwe. Ukumbi ulifunguliwa 29 Machi 1871.

Kuba lake la chuma na kioo liliunganishwa kwanza Manchester kwa majaribio, likafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi London. Siku ya kuondoa nguzo za kulishikilia, watu waliambiwa watoke wote, wakabaki waliojitolea tu. Kuba likashuka kidogo, chini ya sentimita moja, likatulia, na mpaka leo liko pale pale.

Kilichowashinda ni mwangwi. Siku ile ile ya ufunguzi maneno ya sala yalikuwa yakirudi kutoka juu kama kwamba kuna kasisi wa pili amejificha darini. Wanamuziki wakapata utani wao: hapa tu ndipo mtunzi wa Kiingereza anaweza kuwa na hakika ya kusikia kazi yake mara mbili. Tatizo liliendelea karibu karne nzima. Hivyo vitu vya duara vinavyoning'inia juu, ambavyo wenyewe wanaviita uyoga, viliwekwa 1969 ili kutawanya sauti, na ndivyo watu wanavyovipiga picha zaidi bila kujua kazi yake.

Sasa, kwa nini nasema si pa watu wa aina moja? Kwa sababu ukumbi huu hauendeshwi kwa ruzuku ya kila mwaka ya serikali. Lazima ujilishe, na kwa hiyo unapokea karibu kila kitu: matukio yanakaribia 400 kwa mwaka. Mwaka 1909 waliweka njia ya kukimbilia ndani na wanaume wawili wakakimbia marathoni nzima humo, mizunguko 524. Hebu fikiria kununua tiketi ya kutazama hicho kitu! Mei 1912 okestra za London zilikusanyika kuwaenzi wanamuziki waliozama na Titanic. Wanawake waliodai haki ya kupiga kura walifanya mikutano yao hapa. Oktoba 1933 Einstein alisimama hapa kuwachangishia wasomi waliokimbia Ujerumani ya Hitler. Muhammad Ali alipigana ndondi za maonyesho hapa, na mwaka 1991 mieleka ya sumo ya Japani ilifanya hapa mashindano yake rasmi ya kwanza nje ya Japani, kisha ikarudi Oktoba 2025. Ongeza sarakasi, mahafali ya chuo cha Imperial ambacho ni jirani, tenisi, na filamu zinazoonyeshwa huku okestra ikipiga muziki wake papo hapo. Mwaka 2017 Wizkid wa Nigeria aliujaza ukumbi huu, na sidhani kama usiku ule suti zilikuwa nyingi.

Lakini mimi nilinaswa na Proms. Ni msimu wa wiki nane hivi wa muziki wa okestra kila kiangazi. Ulianza 1895 katika ukumbi mwingine, Queen's Hall, ambao uliteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, ndipo ukahamia hapa. Viti vya katikati huondolewa, sakafu inabaki wazi, na watu wanasimama. Tiketi ya kusimama miaka hii ya karibuni imekuwa pauni 8. Aliyelipa mara kumi yako yuko nyuma yako.

Wanaosimama wana taifa lao. Utakuta mzee mwenye mkoba wa vitambaa aliyeanza kuja akiwa mwanafunzi, na pembeni yake msichana wa chuo aliyevaa kaptura. Wanajuana kwa sura, wanapeana nafasi, na ukionekana mgeni kuna mtu atakueleza wapi usimame ili usizibwe na mrefu. Muziki ukianza, zogo lote linakatika. Sisi tuliolelewa na taarab, ambapo wimbo ukikuingia unainuka na noti yako kwenda kumtunza mwimbaji, tunapata tabu hapa. Simfonia, yaani kazi ndefu ya okestra, ina sehemu kadhaa, na baada ya kila sehemu kuna ukimya ambao wengi hawataki uvunjwe kwa makofi. Mikono inawasha! Wako wanaopiga hata hivyo, na wala hawafukuzwi. Watu elfu tano na zaidi wanazuia kikohozi kwa dakika ishirini, halafu wote wanakohoa kwa pamoja. Hilo pekee linatosha kumchekesha mtu.

Halafu siku moja ogani ikaingia. Kinanda hiki kilijengwa na Henry Willis kwa ajili ya ufunguzi wa 1871, na baada ya ukarabati wa 2004 kina mabomba 9,999. Sauti zake za chini huzisikii kwa masikio kwanza, unazisikia kwenye nyayo. Aliyeketi kwenye zulia la kibandani hapati hilo, samahani sana.

Vile viti vya miaka 999 vingali na wenyewe. Vimerithishwa na kuuzwa kizazi hadi kizazi, na baadhi ya wamiliki huziuza tiketi wasizozitumia kwa bei ya juu kuliko iliyoandikwa. Malumbano juu ya jambo hilo ni ya miaka mingi. Maoni yangu ni kwamba ukumbi uliojengwa kwa ajili ya umma haukupaswa kuwa duka la mtu binafsi, ingawa bila pauni 100 za babu zao pengine kuba lenyewe lisingeinuka.

Ipo pia historia yetu humo ndani, na hili ndilo huwaambia wale wa "pale ni pa wenyewe". Samuel Coleridge-Taylor, aliyezaliwa London mwaka 1875 kwa baba daktari wa Sierra Leone, alitunga kazi tatu za kwaya juu ya Hiawatha, shujaa wa shairi la Mmarekani Longfellow, na zilipigwa zote pamoja kwa mara ya kwanza hapa mwaka 1900. Ile ya kwanza, iliyoimbwa kote Uingereza, alikuwa ameiuza kwa wachapishaji kwa gini 15 (pauni 15 na shilingi 15 za wakati ule), basi. Alifariki 1912 akiwa na miaka 37, na mwaka huo huo likafanyika tamasha katika ukumbi huu kuisaidia familia yake. Kuanzia 1924 hadi vita vya 1939 Hiawatha yake ilirudi hapa karibu kila mwaka, kwa mamia ya waimbaji wenye mavazi ya maigizo, na watu walijazana. Marcus Garvey, mwanaharakati Mjamaika wa haki za watu weusi, naye aliukodi ukumbi 1928 ili ahutubie, ingawa viti vingi vilibaki vitupu.

Ukitaka kwenda, shukia stesheni ya South Kensington, kisha panda barabara ya Exhibition Road mpaka juu. Jengo ni la mviringo na milango ina namba, kwa hiyo soma tiketi yako kabla hujaanza kulizunguka. Tiketi za Proms za kusimama hutoka asubuhi ya siku yenyewe kwenye intaneti. Ukichoka miguu, kuna kusimama kwa juu kabisa, chini ya kuba, ambako watu hutandika makoti wakalala chali wakisikiliza. Usiku wa mwisho wa msimu waachie mashabiki na bendera zao. Chagua Jumanne ya Agosti ambayo hakuna anayeigombania.