Pamba ndani ya kopo
Jumamosi ni siku ya vijana pale CTC yetu, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, hapa Iringa. Mimi ni mwelimishaji rika, na nilizaliwa na VVU kama wengi wao. Wiki hii binti mmoja anayesoma bweni alitoa kopo lake la dawa kwenye begi: kalijaza pamba, ili vidonge visigonge akitembea. Wengine nao wakatoa ya kwao. Pamba vilevile. Imeniuma mpaka leo.

Jamani, utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Sisi ndio tunaoongoza, halafu mtoto wa huku huku anameza dawa chooni kwa kujificha! Akizimeza kila siku bila kukatisha, virusi vikafubaa hadi kipimo kisivione, hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana. Nalisema hili kila tukikutana, na bado yupo anayelia akilisikia mara ya kwanza.

Walimu na matroni, nawaomba sana: mpeni faragha ya kumeza dawa, na ruhusa ya kliniki bila kumhoji mbele ya darasa. Kingine, tangu sheria ibadilishwe 2019, mwenye miaka 15 anaruhusiwa kupima bila idhini ya mzazi.

Una kijana nyumbani anayeishi na VVU na hana wa kuongea naye? Mlete Jumamosi, wenzake wapo.