Miguu imekubali (wiki ya 11)

Leo asubuhi, chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni, nimerudi nyuma kwa mateke. Mita tatu nzima juu ya mchanga wa Nyali, sikugusa chini wala sikupaa. Asiyejua ataona nimechizi kushangilia mwendo wa kaa, lakini nimelihangaikia teke hili wiki 11 jamani!

Kwa waliokuwa wananiuliza nitachukua kozi gani ya mbizi za kiufundi (TDI, PADI na GUE ni mashirika yanayozifundisha): nimeamua Intro to Tech ya TDI, kabla kaskazi haijakatika. Tec 40 ya PADI ilinitia tamaa kwa sababu ina vituo vya kweli wakati wa kupanda, hadi dakika 10 za dekompresheni (kusubiri gesi itoke mwilini), kina mwisho mita 40. Nikajiuliza, mtu asiyeweza kusimama mahali pamoja dakika moja, hizo 10 atazining'inia wapi? GUE Fundamentals naiheshimu kuliko zote. Pale hupewi kadi kwa huruma. Unaweza kuambiwa nenda kafanye mazoezi, urudi kupimwa ndani ya miezi 6. Ila mwalimu wake ni wa kumleta kutoka mbali, na tunaoitaka hapa ni wawili. Intro haikuruhusu dekompresheni hata chembe. Inauma kulipa halafu usiruhusiwe kitu kipya, lakini mlalo (kukaa bapa majini, miguu isishuke), mateke na hesabu za gesi ndivyo vinavyonipiga chenga.

Sasa hii habari ya miguu. Nikianza teke la kurudi nyuma nazama. Nikizama napuliza hewa kwenye puto la mgongoni linaloniinua, hewa inakimbilia mabegani, kichwa kinapanda, miguu inashuka zaidi, teke linalofuata linanivuta chini zaidi. Nimefanya teke hilo kitandani, nimelifanya kwenye bwawa, mke wangu amenishika vifundo sebuleni akicheka. Nikaamini nina magoti mabovu.

Kilichonichanganya ni kwamba dakika 40 baadaye, presha ya mtungi ikiwa imeshuka karibu na baa 70, teke lilikuwa linakubali kidogo. Nikadhani mwili umeshapata moto. Kumbe! Mitungi yetu ni ya alumini, ile ya lita 11, na hewa iliyojaa humo ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Ikipungua, kitako cha mtungi kinakuwa chepesi na kuinua kiuno. Mtungi ndio uliokuwa ukinisaidia, magoti yalikuwa yale yale.

Ijumaa mwenzangu akaweka kamera juu ya jiwe, mita 6, maji mafu, hakuna mkondo. Akaniamuru: usifanye kitu, ganda sekunde 10. Kwenye video naonekana kama saa ya ukutani, miguu inashuka polepole hadi nimesimama wima. Teke halikuwa na kosa. Kila nilipokuwa nikienda mbele, mwendo ulikuwa unaficha uwongo.

Mkosaji ni mapezi. Nilinunua yale ya mpira mzito kwa sababu kila bingwa wa video anayavaa. Bingwa huyo yuko kwenye maji ya baridi, ndani ya suti kavu yenye hewa hadi kwenye vidole vya miguu. Anahitaji kitu cha kumshusha. Mimi niko kwenye nyuzi 28 na suti ya milimita 3. Ni kama kuvaa koti la Ulaya Likoni mwezi wa pili. Nimeyavua, nikaazima ya plastiki. Kilo 2 nimezitoa kiunoni nikazifunga kwenye mkanda wa juu wa mtungi, kisha nikausogeza mtungi kuelekea kichwani sentimita 5. Nilianza na 8, nikawa nagonga vali kila nikitazama mbele. Leo nimeganda sekunde 40. Hata samaki walinizoea.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kufyatua boya la kuonyesha tulipo, kutoka mita 6 bila kubadilika kina. Spuli ya kamba yake bado iko kwenye ndoo, kavu. Nilikaa kupanga gesi ya kuzamia MV Dania, meli iliyozama ambayo imelala karibu mita 30, nikakwama kwenye zile baa 50 za akiba za kurudi nazo ambazo sote tulikaririshwa. Kwenye mtungi wetu ni lita 550. Watu wawili wenye hofu wakipumua mtungi mmoja, lita 30 kila mmoja kwa dakika, mara nne kwa sababu ya presha ya kina: lita 240 kwa dakika. Dakika mbili na kitu, na bado hamjaanza kupanda! Nimepiga hesabu hiyo mara tatu, nikafunga daftari.

Ndipo wazo la mitungi miwili ya ubavuni likaingia. Alumini ile ile tunayokodi, vali mbele ya macho, hakuna cha kugonga kisogo. Hewa ikipungua vitako vitaelea, najua, itabidi kuhamisha ndoano za mitungi katikati ya mbizi. Kamba ya mpira ya kuishikilia mitungi ubavuni nimeshaikata kutoka kwa zile za kufungia mizigo ya bodaboda. Jumapili, mita 5, tuone.